Chai ya Rangi na Namna ya Kuitengeneza Sawasawa

Stesheni ya Fort Ternan iko katikati ya nchi mbili. Upande wa chini, kuelekea Kisumu, ni mashamba ya miwa ya Muhoroni, Chemelil na Miwani. Upande wa juu ni vilima vya Kericho, vilivyofunikwa na michai ya kijani kibichi hata jicho likachoka kutazama. Reli ipitayo hapo ilifika ziwani mwaka 1901, na tangu siku zile watu na mizigo ya nchi hizo mbili wamekuwa wakikutana katika njia hiyo moja.

Watu wa Fort Ternan wenyewe hulima zaidi miwa, kahawa na mahindi, na kufuga ng'ombe. Lakini ingia nyumba yo yote, ya mkulima au ya karani, asubuhi au jioni, nawe utakuta sufuria ya chai jikoni. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chai ya Kericho, itafutwayo na wanunuzi wa nchi za mbali, mara nyingi hunywewa ikiwa mbovu mno papo hapo karibu na shamba ilikotoka. Huwa nyeusi kama wino, chungu, na haimezeki bila vijiko vitatu au vinne vya sukari. Kosa si la majani. Kosa lipo katika dakika tano za mwisho, jikoni.

Kosa hilo lina gharama yake. Majani hupotea, sukari hupotea, kuni hupotea, na pengine hata afya hupungua. Kwa hiyo inafaa kila mtu atengenezaye chai ajue sababu za mambo, wala si desturi tu.

JANI LATOKA WAPI

Michai ya kwanza katika Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Huko Kericho, makampuni makubwa yalianza kulima chai katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliitwaa kwa Wakipsigis. Hivyo watu wa nchi hiyo walikuwa vibarua wa chai kwa miaka mingi kabla hawajawa wakulima wake. Mwafrika hakupewa nafasi kubwa ya kulima chai yake mwenyewe mpaka baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954. Mwaka 1964 likaundwa shirika la wakulima wadogo wa chai, KTDA, na leo wakulima wanaopeleka majani yao katika viwanda vyake ni zaidi ya 600,000.

Mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi chake, basi. Majani hayo hupelekwa kiwandani siku ile ile, kwani yakikaa na kupata joto ndani ya gunia huharibika. Kiwandani hunyaushwa kwa saa nyingi ili yapungukiwe na maji. Halafu hupitishwa katika mashine za magurudumu yenye meno, ambazo huyakata, huyararua na kuyasokota yakawa punje ndogo ndogo. Utomvu wake ukipata hewa, rangi ya kijani hugeuka kuwa ya shaba, kama vile tunda lililomenywa na kuachwa wazi. Hapo ndipo ladha na rangi ya chai huzaliwa. Mwisho majani hukaushwa kwa hewa ya moto, huchekechwa, na kutengwa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa punje.

Zatakiwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Maana yake ni kwamba kikombe kimoja, ambacho huhitaji gramu mbili za chai kavu, kimebeba gramu tisa hivi za majani yaliyochumwa kwa vidole vya mtu, moja moja, katika mvua na baridi ya asubuhi. Si haki kazi hiyo yote kuiunguza jikoni.

KWA NINI CHAI YA RANGI HUDHARAULIWA

Katika nyumba nyingi za bara, chai ni ile ya maziwa. Maji, maziwa, majani na sukari hutiwa pamoja katika sufuria na kuchemshwa mpaka yafure. Hiyo ni chai njema na yenye lishe, wala haina haja ya kubadilishwa. Lakini wakati wa kiangazi ng'ombe wanapopunguza maziwa, au mwisho wa mwezi fedha zinapokwisha, watu huacha maziwa tu na kuendelea kuchemsha vile vile. Matokeo yake huwa kinywaji kichungu, kisha watu husema kwamba chai isiyo na maziwa ni chai ya shida.

Sababu ya uchungu huo ni hii. Ndani ya jani la chai mna vitu vya namna nyingi. Kuna kafeini, ambayo huchangamsha mwili. Kuna vitu viletavyo harufu nzuri, navyo ni vyepesi mno na huruka pamoja na mvuke. Tena kuna tanini, ambayo huleta ukali ule unaokausha ulimi. Maziwa yana protini ambazo hushikamana na tanini na kuilainisha. Kwa hiyo katika chai ya maziwa majani yaweza kuchemshwa sana, na mnywaji asihisi vibaya. Maziwa yakiondolewa, hakuna tena kitu cha kuficha kosa.

Watu wa pwani huiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa. Mkandaa ni mmoja wa miti ya mikoko, na gome lake lilitumika tangu zamani kutia rangi na kutengenezea ngozi. Jina hilo linafaa, kwani tanini ya gome lile na ya jani la chai ni za ukoo mmoja. Kidogo chake huipa chai nguvu na uhai. Kikizidi, mnywaji huwa kama anayetengenezewa ngozi ya tumbo.

MAJI NA MOTO WA NCHI ZA MILIMA

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Mombasa, penye usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 100 za sentigredi. Lakini mtu apandapo juu, hewa huwa nyepesi, na maji huchemka mapema zaidi. Kwa kila mita 300 za mwinuko hupungua digrii moja hivi. Kisumu, maji huchemka kwa digrii 96. Kericho, palipo na mwinuko wa mita 2,000 hivi, huchemka kwa digrii 93 tu, na Fort Ternan ni kati ya hapo. Hata kuni ziongezwe namna gani, maji katika sufuria ya kawaida hayatapita kiwango hicho. Yatazidi kutoa mvuke na kupungua tu.

Jani la chai hutoa rangi na ladha yake vizuri katika maji yenye moto mkali. Basi mtu wa milimani huanza kazi akiwa nyuma digrii saba kumpita mwenzake wa pwani. Hawezi kumudu kupoteza nyingine. Akimimina maji hayo katika buli baridi, au akiyaacha kidogo yapoe, au akitumia maji yaliyokaa katika chupa ya chai tangu alfajiri, majani yatalowa tu na kuelea, na chai itakuwa hafifu. Hapo ndipo watu wengi hurudisha vyote motoni na kuchemsha kwa robo saa, wakidhani kwamba wanatafuta nguvu. Wanachopata ni uchungu, na harufu nzuri imekwisha kwenda zake juu ya paa.

Dawa yake ni rahisi. Chombo kipashwe moto kwanza, maji yamiminwe yakiwa bado yanatokota, chombo kifunikwe, na majani yapewe dakika moja au mbili zaidi kuliko pwani.

Maji yenyewe pia yana tabia zake. Maji ya mvua na ya vijito vya milimani kwa kawaida ni laini, nayo hutoa chai yenye rangi inayong'aa. Maji yaliyopita katika mawe ya chokaa ni magumu. Hutoa chai iliyofifia, yenye utando juu yake. Visima vya pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe huwa na maji ya namna hiyo. Katika bara pia yako mawe ya chokaa, kama yale yachimbwayo Koru, jirani na Fort Ternan. Mwenye kuona utando katika kikombe chake asilaumu majani kabla ya kujaribu maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi.

Yakiwa ni maji ya mto au ya kisima, sharti yachemke kweli kweli, yaani yatokote kwa nguvu, kwani hivyo vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo hufa. Chai imewaokoa watu wengi kwa sababu hiyo tu, kwamba maji yake yamechemshwa.

KIPIMO

Kijiko kidogo kimoja, kisicho na kilima, cha majani ya punje ndogo kina uzito wa gramu mbili hivi. Hicho chatosha kikombe kimoja cha kawaida. Kwa hesabu hiyo, pakiti ya gramu 50 yatosha vikombe 25. Familia ambayo pakiti yake haifikishi vikombe 15 yafaa ijiulize majani mengine yanakwenda wapi.

Waonjaji wa chai, ambao hupima ubora wa chai kabla haijauzwa katika mnada wa Mombasa, hutumia majani mengi zaidi. Kipimo cha kimataifa cha uonjaji, kilichowekwa mwaka 1980, ni gramu mbili kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa muda wa dakika sita, katika chombo chenye kifuniko. Chai hiyo huwa kali makusudi, ili kila kasoro ijitokeze. Hainywewi kwa kuburudika. Muonjaji huisukasuka kinywani na kuitema. Lakini jambo moja katika kazi yao lapasa kuigwa na kila mtu: wao hawabahatishi. Majani hupimwa, maji hupimwa, na muda hupimwa. Wala hawachemshi majani hata mara moja.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chukua maji safi, mapya, kiasi cha vikombe unavyohitaji pamoja na nusu kikombe cha kupashia chombo. Yaweke motoni.

2. Maji yakaribiapo kuchemka, mimina kidogo katika buli, lizungushe mpaka pande zote zipate moto, kisha umwage. Asiye na buli atumie sufuria ndogo yenye kifuniko, au jagi la bati. Jambo kubwa ni kwamba chombo kiwe safi, kisiwe na mafuta ya chakula, na kiwe na kifuniko.

3. Tia majani, kijiko kidogo kimoja kwa kila kikombe. Hakuna haja ya kijiko cha ziada kwa majani ya punje ndogo. Hayo hutoa nguvu yake upesi.

4. Lete buli penye maji, wala si maji kwenye buli. Mimina maji yakiwa yangali yanatokota. Funika mara moja. Penye baridi, lifunike buli kwa kitambaa kizito.

5. Ngoja. Pwani, dakika tatu zatosha. Katika milima ya Kericho, Bomet na penginepo palipoinuka, ngoja dakika nne au tano. Asiye na saa aoshe vikombe vinne polepole, avikaushe na kuvipanga. Muda huo watosha. Usikoroge kwa nguvu. Mara moja tu yatosha.

6. Chuja chai yote kwa chujio, kila tone. Chai ambayo haitanywewa sasa isiachwe juu ya majani, bali itiwe katika chupa ya chai ikiwa imekwisha chujwa. Majani yakikaa ndani huendelea kutoa tanini, na kikombe cha pili kitakuwa kichungu.

Sukari itiwe kikombeni baada ya kuonja, si kabla. Wengi watakaofuata hatua hizi wataona kwamba kijiko kimoja chatosha pale walipozoea vitatu, na wengine hawatataka hata hicho. Apendaye tangawizi, iliki au mdalasini, kama ilivyo desturi ya pwani, achemshe viungo hivyo katika maji kwanza. Viungo huvumilia kuchemshwa, majani hayavumilii. Apendaye limau alitie mwisho, naye ataona rangi ya chai ikipauka. Hilo si kosa, ni kazi ya ukali wa limau.

ALAMA ZA CHAI NZURI

Chai ya rangi iliyotengenezwa sawasawa ni nyekundu yenye kung'aa, wala si nyeusi. Ikitazamwa katika bilauri hupitisha mwanga. Ikionjwa bila sukari huchangamsha ulimi mara moja, kisha ladha yake hupita na kuacha kinywa safi. Ile iliyochemshwa mno hubaki ulimini kwa muda mrefu kama gome la mti.

Tena mtu asishangae akiona chai kali ya Kericho ikiingia ukungu inapopoa. Si uchafu. Vitu vinavyoipa chai nguvu, vikipoa, hushikamana na kafeini na kuonekana kama wingu. Ipashwe moto kidogo, nayo itatakata tena. Waonjaji huihesabu kuwa ni alama ya chai yenye nguvu.

KUTUNZA MAJANI

Majani makavu ya chai hunyonya unyevu na harufu upesi. Pakiti iliyofunguliwa na kuwekwa karibu na mafuta ya taa, sabuni au vitunguu itatoa chai yenye harufu ya vitu hivyo. Majani yatiwe katika kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, mbali na jua na mvuke wa jikoni. Kijiko chenye maji kisiingizwe humo. Ni afadhali kununua pakiti ndogo mara kwa mara kuliko kubwa itakayokaa wazi kwa miezi mingi. Mnunuzi pia aangalie kwamba pakiti haijafunguliwa na kwamba tarehe yake haijapita.

SAA YA KUNYWA CHAI

Jambo la mwisho si la ladha, bali ni la damu. Tanini ya chai hushika madini ya chuma yaliyomo katika mboga, maharagwe na nafaka, hata mwili usiweze kuyapata yote. Mtu alaye nyama mara kwa mara hapati hasara kubwa. Lakini mama mja mzito, au mtoto ambaye chakula chake kikuu ni ugali na mboga, akinywa chai kali pamoja na kila mlo aweza kupungukiwa na damu ingawa sahani yake imejaa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa lishe hushauri chai inywewe baina ya milo, saa moja hivi baada ya kula. Katika mlo wenyewe, chungwa au limau husaidia mwili kupata madini hayo. Watoto wadogo wapewe maziwa au uji, wala wasishibishwe kwa chai. Naye anayekosa usingizi aiache chai ya usiku, kwa ajili ya kafeini iliyomo.

Basi, mambo yenyewe si mengi: maji yanayotokota, chombo chenye moto, kipimo kimoja, dakika chache, na chujio. Hayahitaji fedha zaidi, yanapunguza gharama. Mchumaji ashukapo kutoka vilimani jioni, mgongo ukimwuma, apaswa kuketi mbele ya kikombe kilicho sawa na kile kiandaliwacho katika miji ya ng'ambo kwa majani yale yale aliyoyachuma. Na siku ambayo maziwa hayapo, mgeni apigapo hodi, mwenye nyumba hana sababu ya kuona haya. Na aweke maji motoni, apashe buli, na amkaribishe mgeni wake kwa chai ya rangi.